Jinsi ya kupanda treni ya Moshi–Arusha na kumalizia siku kwenye mawe ya Meru

Nimeishi Moshi muda mrefu na kila nikienda Arusha nilikuwa napanda kosta kama watu wote, napata siti ya katikati, pazia limeshushwa sababu ya jua, nalala mpaka Usa River, karibu na kuingia Arusha. Yaani unapita chini ya Kilimanjaro alafu unapita chini ya Meru na ukiulizwa umeona nini huna cha kusema. Siku nilipopanda treni mara ya kwanza na wadogo zangu wawili ndio nikajua nimekosa nini miaka yote hiyo, kwahiyo naandika hapa hatua kwa hatua jinsi ya kuifanya hiyo siku, kwa mtu anayetoka Moshi asubuhi na kurudi jioni, bila kampuni ya utalii na bila hela nyingi.

Mpango wenyewe ni huu, asubuhi unaiona milima kwa mbali ukiwa ndani ya treni, mchana unakwenda kukanyaga vipande vya mlima Meru kule Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Usigeuze. Ukianza na mawe kabla hujaona umbo la mlima wenyewe utaona vilima tu na mabwawa, ila ukiwa umeshauangalia mlima masaa mawili ukiwa kwenye behewa, ukifika pale unaelewa kila kitu kimetoka wapi.

Kwanza ishu ya ratiba maana hapa ndio wengi wanakwama. Treni ya abiria inatoka Dar mchana, inalala njiani, inaingia Moshi asubuhi alafu inaendelea Arusha. Haiji kila siku, ni siku chache kwa wiki, na ratiba inabadilika, na kipindi cha masika maji yakibeba tuta safari zinasimama. Kwahiyo usipange likizo kwanza alafu ndio uitafute treni, fanya kinyume chake. Pita stesheni ya Moshi siku mbili tatu kabla, nenda mpaka dirishani uliza inaingia lini na saa ngapi, nunua tiketi hapo hapo, beba na kitambulisho. Asubuhi ya safari kabla hujatoka nyumbani tafuta mtu wa stesheni au abiria aliyeko ndani akwambie treni iko wapi, maana imesafiri usiku kucha na kuchelewa kwa saa moja au mbili ni kawaida tu, usikasirike, kunywa chai taratibu. Pale karibu na stesheni hukosi chapati na supu.

Behewa la kulala usichukue, unakwenda mchana kilometa 86 tu, utalipia kitanda bure. Daraja la tatu linatosha kabisa na kwa safari hii mimi nalipenda zaidi sababu dirisha unalifungua unavyotaka na watu wanapiga stori, ila ukiwa na mama mtu mzima au mtoto mchanga lipia daraja la pili kukaa, siti zake zina nafasi. Na jiandae kwamba watu wametoka Dar na wengine wamelala juu ya mizigo yao, kuna mama ana ndoo na gunia la nazi mlangoni, ingia na shikamoo yako, omba nafasi kwa upole, watu wanasogea. Mimi sijawahi kunyimwa.

Sasa siti. Hili ndio la muhimu kuliko yote na kama utasahau mengine shika hili. Ukitoka Moshi kwenda Arusha kaa KULIA. Reli inapita kusini ya milima yote miwili na treni inaelekea magharibi, kwahiyo Kilimanjaro iko kulia kwako na Meru itatokea mbele kulia. Ukikaa kushoto unaangalia mbuga na mashamba, pazuri pia ila sicho ulichofuata. Jua la asubuhi linakuwa nyuma yako, linaupiga mlima vizuri, picha zinatoka safi hata kwa simu ya kawaida. Ila fanya haraka kwenye hili, Kibo, kile kilele chenye barafu, ana tabia ya kujifunika mapema, ikifika saa tatu saa nne mawingu yanapanda kutoka msituni na kumfunga kama mtu kavuta blanketi. Ndio maana treni ikiingia Moshi mapema ni bahati. Januari na Februari ndio miezi yangu, hewa kavu na anga liko wazi, Juni na Julai huku ni baridi na mawingu mazito unaweza kukaa wiki nzima usiuone mlima kabisa wakati unaishi chini yake.

Treni ikiondoka inavuka madaraja ya mito inayoshuka toka juu, Karanga, Weruweru, Kikafu, na hapo tayari angalia chini sio juu tu. Kingo za hiyo mito ndio somo la kwanza la mawe. Utaona mawe meusi ya mviringo makubwa kama nyumba ndogo yamelala mtoni, yameletwa na maji kutoka juu huko, na kwenye kingo unaona tabaka, udongo mwekundu, jivu lililogandamana, mawe, udongo tena. Kila tabaka la mawe ni kipindi ambacho mlima ulimwaga kitu, na udongo mwekundu wa katikati ni kipindi mlima ulipotulia, mawe yakaoza polepole na majani yakaota. Huo udongo ndio umelisha kihamba cha babu zetu, yaani shamba la nyumbani, migomba na kahawa.

Alafu nyanyua macho. Kilimanjaro sio mlima mmoja, ni mitatu iliyoungana. Kibo ndio wa katikati mwenye barafu, Uhuru pale juu ni meta 5,895, na huku kusini tuliko ndio upande unaoonyesha vizuri ile barafu iliyoning'inia kwenye mabega yake, japo kila mzee utakayemuuliza atakwambia enzi zake ilishuka chini zaidi ya hapo. Mawenzi ni ule uliochongoka kulia, meta 5,149. Na Shira ni lile bega refu la bapa upande wa kushoto, ndio mzee wao, ulikuwa mlima kamili ukabomoka na kuzama katikati ukabaki uwanda.

Kwanini Mawenzi umeparuka vile na Kibo ni laini? Bibi yangu alitusimulia kama wanavyosimuliwa watoto wote wa Kichagga, kwamba Mawenzi alikuwa mvivu moto wake ukizimika anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, anapewa na ndizi juu, akaona raha akarudi tena, akarudi tena, mpaka Kibo akachoka akachukua mchi akamtwanga nao, ndio zile nundu na makovu. Wanajiolojia wanasema Mawenzi ulizimika zamani sana kabla ya Kibo, mvua na barafu zimeula muda mrefu, na ndani yake kulikuwa na nyufa nyingi ambazo lava ilipanda ikagandia humo ikawa kama kuta ngumu zilizosimama, sasa mwamba laini wa pembeni ukiondoka zile kuta zinabaki zimesimama kama meno. Ukiwa dirishani na mlima uko wazi hayo meno unayaona kwa macho. Na mimi naona bibi hakukosea, moto wa Mawenzi kweli ulizimika kwanza.

Kadiri treni inavyokwenda magharibi Mawenzi unasogea kujificha nyuma ya Kibo na Shira ndio unajitokeza. Hii kwenye kosta huwezi kuifuatilia, spidi kubwa na majengo ya barabarani yanakatiza, ila treni inakwenda mwendo wa mtu asiye na haraka, unakuta umekaa na mlima ule ule saa nzima na kila ukigeuka umebadilika sura. Kosta inatumia saa moja na nusu mpaka mbili kufika Arusha, treni ni karibu mara mbili ya hapo. Kwa mtu anayewahi mahakamani hiyo ni shida, kwa mtu aliyekuja kuangalia ndio faida yenyewe.

Kwenye safari yetu mbele yangu alikaa babu mmoja wa Machame, tulimwamkia, akatuuliza sisi ni wa wapi, alafu akaanza kutupa historia ya hii reli mpaka nikaacha kupiga picha. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga kutokea Tanga mwaka 1893, ikasuasua, Korogwe ikafika 1902, Mombo 1905, na Moshi ndio 1911. Kipande hiki cha Moshi Arusha tulichokuwa juu yake kilikuja baadae wakati wa Waingereza, 1929. Mzigo mkubwa wa huku ulikuwa kahawa, na babu alikumbuka magunia yakipakiwa behewani wakati yeye ni kijana wa kubeba. Na kuunganishwa na Dar moja kwa moja ni baada ya uhuru, mwaka 1963, pale walipojenga kipande cha Ruvu mpaka Mnyusi, kabla ya hapo hii njia ilikuwa inakwenda Tanga, au Kenya kupitia Voi. Miaka ya tisini treni ya abiria ikafa, majani yakaota katikati ya mataruma, watu wakajenga vibanda mpaka juu ya tuta. Treni ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Babu alisema siku ilipoingia mara ya kwanza alikwenda stesheni kuisubiri tu, hakuwa anasafiri. Nilimwelewa kabisa.

Ukishapita ile mito unaingia kwenye mbuga kavu, migunga, vumbi, mifugo, watoto wa Kimasai wanapunga mikono. Funga dirisha nusu hapa na uwe na kitambaa cha puani, vumbi lake ni laini kama unga. Usikae mlangoni miguu nje hata kama unaona wengine wamekaa, na usitoe kichwa dirishani, miti ya miiba imesogea karibu sana na reli sehemu nyingine.

Kuanzia hapo geukia Meru. Na sikiliza injini. Stesheni ya Moshi iko kama meta 800 kutoka usawa wa bahari, Arusha ni karibu meta 1,400, kwahiyo kichwa cha treni kinavuta behewa zote kupanda meta 600, na sehemu kubwa ya huo mpando ni kipande cha mwisho. Utausikia mngurumo unabadilika, mwendo unapungua, hewa inaanza kuwa ya baridi, migunga inaisha migomba inaanza. Reli hii ni nyembamba, upana wa meta moja tu kati ya chuma na chuma, na haipandi mlima moja kwa moja, inazunguka zunguka kutafuta mteremko mpole, kwahiyo kuna kona ambazo ukiwa behewa la nyuma unakiona kichwa mbele kinakunja na Meru iko juu yake. Simu iwe tayari hapo.

Sasa vilima. Mkikaribia ukanda wa Kikatiti, Maji ya Chai na Usa angalia upande wa mlima, utaona vilima vidogo vidogo vya mviringo vimetapakaa bila mpangilio, kama mtu kamwaga mafungu ya mchanga na toroli. Watu wamejenga juu yake, wamelima, hakuna anayeshangaa. Hivyo vilima ni mlima Meru. Zamani Meru ulikuwa umekamilika pande zote, alafu upande wake wa mashariki ukaporomoka wote kwa mkupuo, mawe na matope yakashuka na kusambaa mbali sana, na mabonge makubwa yaliyobebwa ndani yake yalipokwama ndio yakawa vilima. Mimi nimepita hapo mamia ya safari nikidhani ni vilima tu.

Arusha mtashuka saa tano, saa sita hivi kama treni haijachelewa sana. Kuleni haraka, mtori au ndizi nyama, au kama mnamjua mtu anayepika loshoro vizuri msilipite, alafu mtafute usafiri. Kwa watu watano sita noah ya kukodi ndio inalipa. Elewaneni bei yote kabla hamjapanda, mseme wazi mnakwenda Momella ndani ya hifadhi, mtakaa masaa mangapi, na mtashushwa wapi jioni. Sisi dereva wa kwanza alikubali bei ya kwenda "Momella" akimaanisha getini tu, tulipofika Usa ndio tukajua hatukuelewana, tukapoteza nusu saa ya mwanga kubishana barabarani. Kipindi cha mvua noah isiende, barabara za ndani zinakuwa tope, tafuteni gari ya difu mbili au ahirisheni.

Kutoka Arusha unarudi njia ya Moshi mpaka Usa River, unakunja kushoto, kilometa chache uko geti la Ngurdoto la Hifadhi ya Taifa Arusha. Malipo ni kwa kontro namba, simu au kadi, usije na keshi ukitegemea watapokea, na weka salio kabla maana mtandao pale unasumbua. Bei ya Mtanzania ni nafuu sana ukilinganisha na mgeni, beba kitambulisho kwa ajili hiyo. Gari nayo inalipiwa. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani.

Ukishapita geti unakutana na uwanda wa majani wanauita Serengeti Ndogo, twiga, nyati, pundamilia, alafu njia inagawanyika. Kulia inakwenda kreta ya Ngurdoto, bakuli lenye upana wa kama kilometa 3 na kina cha meta 400 hivi, ndani yake hakuna ruhusa ya kushuka, unaangalia kutoka juu ukingoni. Ni pazuri. Ila mkiwa na nusu siku tu msijaribu kufanya vyote viwili, mtaishia kuwa kwenye gari muda wote. Nendeni Momella. Ngurdoto rudini siku nyingine mkitokea nyumbani asubuhi.

Barabara ya Momella inapita katikati ya vile vilima, sasa uko ndani yake, unapanda unashuka. Maziwa ya Momella ni mashimo yaliyobaki kati ya vilima maji yakajaa, kwa hiyo kila ziwa umbo lake limevunjika vunjika, kona kona, tofauti kabisa na ziwa la kreta ambalo ni duara. Na kila moja lina rangi yake sababu chumvi na magadi yake hayalingani, na ndio maana utakuta flamingo wako ziwa hili na jirani yake hamna hata mmoja. Kushuka kwenye gari ni kwenye sehemu zilizoruhusiwa tu, nyati wa pale wanatoka kichakani bila taarifa.

Tafuta sehemu ya kusimama iliyo juu, unayoona maziwa nyuma yako na Meru mbele yako. Dereva yeyote mzoefu anaijua, mwambie unataka kuona ndani ya mlima. Hapo ndio siku yote inakuja kukaa pamoja. Unauona Meru umefunguka kama kiatu cha farasi, mdomo wazi unakuangalia wewe, ukuta wa nyuma umesimama wima, karibu meta 1,500 kutoka kileleni mpaka chini kwenye sakafu ya kreta, na katikati ya sakafu kuna kilima cha jivu, mtoto wa volkano aliyeota baada ya mama kubomoka. Mara ya mwisho Meru kutoa jivu ni mwaka 1910, mwaka mmoja tu kabla ya reli kufika Moshi, kwahiyo mafundi waliokuwa wanalaza mataruma kule chini walikuwa wanajenga kuelekea mlima uliokuwa hai. Kama umefunikwa na wingu subiri, usiondoke. Sisi tulisubiri dakika arobaini, saa kumi na moja kasoro wingu likapasuka, mdogo wangu wa kike aliyekuwa analalamika njaa akanyamaza kabisa akawa anaangalia tu.

Mkiwa hapo chukueni muda kuangalia na mawe ya miguuni. Jiwe jeusi au jekundu jepesi lenye vitundu vingi kama sponji, hiyo ni lava iliyokuwa na gesi, ilitoka inachemka kama uji ikagandia na mapovu yake. Jiwe zito la kijivu lisilo na tundu, hiyo ni lava iliyopoa taratibu, gesi ikapata muda wa kutoka. Na lile la rangi ya hudhurungi linalovunjika kwa kucha, lenye vipande vya mawe mengine ndani, ni jivu na tope lililogandamana. Kwenye ukingo wa barabara uliokatwa utayaona yote matatu yamechanganyika bila tabaka, kubwa na dogo, jeusi na jekundu, na huo mchanganyiko ndio ushahidi kwamba yalikuja kwa mporomoko mmoja. Mtoni huwa yanapangwa, mazito chini mepesi juu. Hapa hamna aliyepanga. Shika, angalia, rudisha ulipolitoa, kuondoka na jiwe la hifadhi ni kosa.

Mkiwahi kufika, tuseme saa saba, na miguu ina nguvu, geti la Momella wana matembezi ya mguu na renja mwenye bunduki mpaka maporomoko ya Tululusia, unalipia pale pale. Unavuka uwanja wa nyati kwa miguu alafu unaingia msituni mpaka kwenye mwamba ambao maji yanaangukia. Vaa raba zenye meno, ndala hapana.

Kitu kingine kuhusu haya mawe ambacho watu wa nje hawakijui na sisi tunakijua mdomoni. Maji ya ukanda huu yana floraidi nyingi, inatoka kwenye miamba hii hii ya volkano, na ndio imewapaka watoto wa Maji ya Chai na Usa meno ya kahawia vizazi na vizazi. Watu wanachekwa meno wakienda Dar, wanaambiwa hawapigi mswaki. Sio mswaki, ni mlima. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchujia. Kwahiyo ukiwa na watoto beba maji ya chupa kutoka nyumbani, na ukikutana na mwenye hayo meno ujue umekutana na mwenyeji wa kweli wa haya mawe, muulize njia.

Na treni ikichelewa sana? Inatokea. Kama mmeingia Arusha saa nane, Momella iacheni, panda daladala ya Tengeru, shuka uende ziwa Duluti. Ni mwendo mfupi kutoka barabara kuu, ni ziwa la kreta, duara, limezungukwa na msitu wa hifadhi, kuna kiingilio kidogo na njia ya miguu ya kulizunguka. Hapo utapata kile cha kulinganisha nilichosema, ziwa la shimo la volkano dhidi ya maziwa ya vilima. Ikiwa Jumatano au Jumamosi mtakuta na gulio la Tengeru, maparachichi na ndizi kwa bei ambayo Moshi mjini huipati. Pale pale Tengeru kuna makaburi ya Wapoland, wakimbizi waliokaa hapa wakati wa vita ya pili ya dunia, walikuwa karibu 5,000, wakajenga kijiji chao chini ya Meru wakilima na kusomesha watoto. Watu wengi wa Arusha hawajawahi kuingia.

Mnaotokea Arusha msijisikie mmesahaulika, treni ya kurudi inatoka kwenu mchana na kuingia Moshi jioni, mnakaa KUSHOTO. Asubuhi hiyo mnaweza kuzunguka Duluti kwanza. Na mna bahati yenu ambayo sisi wa asubuhi hatuna, jua linashukia nyuma yenu na kuipiga barafu ya Kibo ikawa rangi ya waridi.

Vya kubeba ni vichache: sweta maana Momella jioni ni baridi hata Januari, kofia, kitambaa cha vumbi, maji, karanga au ndizi za kuiva, pawabenki, na darubini kama unaweza kuazima, hata ile ya watoto, inasaidia sana kwa barafu na kwa flamingo. Droni usibebe, hifadhini haziruhusiwi bila kibali.

Kutoka hifadhini hakikisheni mmetoka getini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mwambieni dereva awashushe Usa River kwenye lami, hamna haja ya kurudi Arusha mjini, kosta za Moshi zinapita hapo hapo. Mkipanda safari hii kaeni kushoto, milima sasa iko upande huo, na msishushe pazia mpaka mpite uwanja wa ndege wa KIA, maana wakati huo mawingu ya mchana yanakuwa yameanza kushuka na mara nyingi Kibo anatoa kichwa dakika kumi za mwisho kabla ya giza.